Setingi za Bwana Shamba

Kwa miaka minne aliyokuwa mteja wangu, Bwana Shamba hakushinda hata mbio moja, wala sikumwona akisikitika. Wenzake walikuja kwenye chumba changu cha gemu kukimbiza magari. Yeye alikuja kuyafanyia setingi. Aliweza kukaa mbele ya luninga saa nzima akipunguza upepo wa tairi, akiongeza, akipunguza tena, na gari limesimama pale pale kwenye gereji ya kwenye kioo, linang'aa, halijaenda hata mita moja. Saa ikiisha alifunga daftari lake, akavua miwani, akaniambia, “Leo tumepiga hatua, Mama Faraja.”

Jina lake ninalo, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Alikuwa ameshastaafu ubwana shamba alipohamia Tunduma, ila cheo kilimfuata mpaka nyumbani. Mkewe, aliyekuwa akiuza mchele wa Kamsamba sokoni, alichungulia mlangoni kwangu na kuuliza kama mtu anayetafuta ofisi, “Bwana Shamba yumo?” Akijibiwa yumo, alisema, “Mwambieni ugali uko mezani tangu juzi,” akaondoka.

Chumba chenyewe kilikuwa na luninga mbili, viti vya plastiki na feni iliyolia kuliko ilivyopuliza. Kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu. Wateja wangu wakubwa walikuwa madereva waliosubiri karatasi zao zipite mpakani. Mtu ametoka Dar es Salaam na tani zake thelathini, anakwenda Lubumbashi, anaambiwa asubiri siku tatu. Ungedhani aliyeshika usukani wiki nzima angetaka kuangalia mpira na kulala. Wapi. Anakuja kwangu, anachagua gari jekundu lisilo na tela, na kwenye kona ya kwanza analipiga ukutani.

Bwana Shamba aliingia mara ya kwanza akikimbia mvua. Alisimama nyuma ya dereva mmoja anayeitwa Silwimba, Mnamwanga mnene wa hapa hapa Tunduma mwenye shangazi wawili Nakonde ya Zambia, akamwangalia akigonga ukuta uleule mara sita. Silwimba alikuwa akilaumu pedi. Alisema miaka ishirini ameendesha kwa mikono miwili, na kidole gumba hakina leseni. Alipogonga mara ya saba, Bwana Shamba akamgusa bega.

“Samahani, ndugu dereva. Hili gari limefanyiwa tathmini?”

“Tathmini ya nini, mzee? Kona imenishinda.”

“Imekushinda wewe, au imelishinda gari?”

Silwimba alimkabidhi pedi, nadhani kwa kutaka kucheka. Lakini Bwana Shamba hakukanyaga mafuta. Alitafuta ukurasa wa setingi, ambao hakuna mteja wangu aliyewahi kuufungua, na mimi mwenyewe nilidhani ni matangazo. Ndani kulikuwa na mistari chungu nzima: upepo wa tairi za mbele na za nyuma, ugumu wa springi, kimo cha gari toka chini, breki zinavyogawana nguvu mbele na nyuma, urefu wa gia, bawa la nyuma liinuke kiasi gani. Aliisoma yote kwa sauti, polepole, kama anayesoma majina ya waliofaulu. Halafu akabadilisha kitu kimoja. Akahamishia nguvu ya breki nyuma kidogo, akarudisha pedi.

“Jaribu.”

Gari likakata kona. Silwimba alishtuka mpaka akasahau kwamba mbele kuna kona nyingine, akagonga ukuta wa pili, ambao alikuwa hajawahi kuufikia. Madereva wakapiga makofi. Bwana Shamba akatoa kalamu mfukoni, akaniomba karatasi, na kuanzia siku hiyo akawa na kazi tena.

Alikuwa na taratibu zake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Njia mpya ikifunguliwa kwenye gemu, kwanza aliikagua. Yaani alianza mbio pamoja na magari mengine kumi na tisa, akayaacha yaende, kisha akaendesha kwa mwendo wa mtu anayetafuta funguo alizodondosha. Alisimama kwenye kona akatazama nyasi. Alisimama darajani. Mashine ilimwandikia kwa herufi nyekundu kwamba anakwenda kinyume, kwa sababu alikuwa amerudi nyuma kuuangalia mteremko vizuri. Magari mengine yalimpita mara ya kwanza, ya tatu, ya tano, na madereva waliokuwa wakisubiri zamu yao walishika vichwa. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile kila mara:

“Udongo wake ukoje?”

“Ni lami, Bwana Shamba,” Silwimba alimjibu.

“Chini ya lami kuna nini?”

Yote aliyaandika kwenye daftari la kaunta alilolipiga mistari kwa rula: njia, hali ya hewa, kilichobadilishwa, matokeo, maoni ya mtaalamu. Mtaalamu alikuwa yeye. Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia hata kwa waliokuja kuniulizia vocha: “Badilisha kitu kimoja. Halafu ngoja uone.” Dereva akibadilisha springi na tairi kwa pamoja, Bwana Shamba alimtazama kwa huzuni, kama mtu aliyekuta mfuko wa mbolea umepasuka barabarani.

Mwaka wa pili aliniomba ruhusa ya kuendesha semina. Nilidhani anatania. Jumamosi moja asubuhi nikakuta amebandika karatasi kubwa ya manila ukutani kwangu: “Matumizi Sahihi ya Upepo wa Tairi kwa Tija.” Walikuja madereva kumi na mmoja, baadhi yao wakiamini ni mkutano kuhusu foleni ya mpakani. Aliwazungushia karatasi ya mahudhurio, jina, unakotoka, namba ya simu na sahihi. Akafungua kwa kunishukuru mimi, mgeni rasmi, niliyekuwa na ufagio mkononi. Kisha kwa saa moja na nusu akawaeleza kwamba tairi likijaa upepo linagusa barabara kidogo, na likipungua upepo linagusa sana lakini linazembea na kushika joto. Hakuna mtu mle ndani ambaye hakuyajua hayo tangu akiwa utingo. Lakini walikaa wakasikiliza, wengine wakiandika, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kuwaeleza jambo kwa heshima kiasi kile. Mwisho akauliza kama kuna maswali.

“Chai saa ngapi?” Silwimba akauliza.

Bwana Shamba akaliandika chini ya maoni ya washiriki.

Na mtu huyu hakujua kuendesha gari. Sisemi la kwenye gemu, ingawa na hilo pia. Miaka yote ya kazi alipewa pikipiki, na Mbozi walimjua kwa jinsi alivyoisukuma. Kule Itaka walisema ukisikia mtu anahema kilimani na hakuna mlio wa injini, weka maji ya chai, mtaalamu anakuja. Baiskeli aliyokuwa nayo Tunduma haikuwa na breki ya mbele, na tairi lake la nyuma lilikuwa na upepo wa kuombea. Siku moja nilimwonyesha. “Hiyo ni ya matumizi ya kawaida,” alinijibu, akapanda, akaenda zake akiyumba. Nyuma ya nyumba yake alipanda mahindi kwa kamba, mistari imenyooka hata ungeweza kuipiga picha ya kalenda, na mahindi yenyewe yalikuwa ya njano yenye kimo cha magoti. Akipanda basi la kwenda Vwawa alikaa nyuma ya dereva na kumwomba apunguze mwendo, na basi bado liko stendi linajaza abiria.

Hayo yote nilikuwa nikiyatazama nimekaa kimya kwenye meza yangu, na ukimya wangu ulikuwa na sababu. Mimi nilimjua Bwana Shamba kabla yeye hajanijua. Siku ile alipoingia na mvua nilimtambua hata kabla hajafuta miwani.

Baba yangu, mzee Mwazembe, analima kahawa Hasamba. Nilipokuwa kidato cha pili, Bwana Shamba alifika kwetu akisukuma pikipiki, na mkononi ana kipeperushi kutoka ofisini. Kipeperushi kilisema mibuni iliyozeeka ikatwe karibu na ardhi ili ichipue upya. Baba akaomba akate mstari mmoja kwanza, aone. Bwana Shamba akamwambia hapana, mzee, maelekezo yanasema shamba lote. Baba alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi. Akakata. Machipukizi yalitoka hapa na pale, mchwa na kiangazi vikayamaliza mengi, na kwa misimu mitatu kahawa yetu ilitosha kunywa wenyewe tu. Mwaka mmoja tu baada ya kukata, Bwana Shamba akarudi na kipeperushi kingine. Hiki kilisema mibuni ikatwe kwa awamu.

“Na kile cha kwanza?” baba aliuliza.

“Mwongozo umebadilika, mzee.”

“Umebadilika baada ya mimi kukata?”

“Ndiyo maana tunatoa elimu endelevu.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Mwaka ule sikurudi shule. Nilikuja Tunduma kwa mama mdogo kumsaidia kuuza vitenge, nikakaa, nikaolewa, nikampata Faraja, na baadaye nikanunua mashine ya gemu kwa Mzambia mmoja aliyekuwa anahama. Sikuwa na maisha mabaya. Ila nilikuwa napenda hesabu, na kila msimu wa mitihani nilipita mbali na shule. Baba hakumtukana Bwana Shamba hata siku moja. Aliacha tu kuitikia salamu yake. Wakikutana njiani, Bwana Shamba alisema shikamoo, na baba akaangalia pembeni, akapita.

Kwa hiyo mtu huyo alipokaa kwenye kiti changu cha plastiki, sikumwambia mimi ni nani. Mteja ni mteja. Na nikiri kwamba nilifurahi kumwona akipitwa mara tano na magari ya kuchora.

Upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kulikuwa na chumba kama changu cha mzee mmoja mpole sana, Ba Mulenga. Tukikutana tulisalimiana kwa Kibemba, “Mulishani mukwai,” tukaulizana watoto, na kila mmoja akaondoka akiamini chumba chake ndicho bora. Mwaka wa tatu tukakubaliana kupambanisha madereva, mmoja kila upande, mizunguko mitano. Watakaoshindwa wangebandika picha ya mshindi kwenye mlango wao kwa mwaka mzima. Njia iliyochaguliwa ilikuwa ya milimani, ambayo madereva walikuwa wameshaipachika jina la Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, kwa wingi wa kona zake. Dereva wetu alikuwa Silwimba. Bwana Shamba akaomba apewe wiki tatu.

Sijaona mtu akifanya kazi vile. Kitonga ilikuwa na kona kumi na saba za kupanda, na mwishoni barabara ndefu iliyonyooka. Bwana Shamba alizipenda kona. Wiki mbili za kwanza alibadilisha kitu kimoja kimoja, akingoja, akiandika, na kweli gari lilikuwa linatulia siku hadi siku. Wiki ya tatu siku zikaanza kumbana. Akainua bawa la nyuma mpaka mwisho ili upepo ulikandamize gari chini. Akafupisha gia ili lipande mlima kwa nguvu. Akalegeza springi. Akaliinua gari zima kimo cha kidole kimoja kwa sababu alikuwa ameona mawingu. Yote hayo kwa asubuhi moja. Nilipomkumbusha kanuni yake, alinijibu bila kuinua macho kwamba muda wa utekelezaji umekwisha.

“Lakini mawingu yale yamechorwa, Bwana Shamba. Kwenye hii njia mvua hainyeshi.”

“Hata ya kwenye taarifa ya habari huchorwa, Mama Faraja.”

Kona zote kumi na saba gari lilipita kama limefungwa kamba. Likifika kwenye barabara iliyonyooka, injini ilipiga yowe na gari likawa haliendi, kama ng'ombe anayevutwa kuingizwa kwenye josho. Silwimba alilalamika siku nne. Siku nne alijibiwa kwamba hajalizoea.

Mashindano yalikuwa Jumapili baada ya ibada. Chumba changu kilijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Bwana Shamba alikuja na koti la suti na kalamu mbili. Aliingiza setingi zake moja moja akizisoma kwa sauti, kisha akatoka nje kuwahutubia waliokosa nafasi. Tulimsikia akisema “kwa kuzingatia hali halisi ya mteremko.” Silwimba akaniinamia.

“Mama Faraja. Kuna kitufe cha kurudisha zile za kiwandani?”

“Kipo.”

“Kiko wapi?”

Sikumwonyesha. Nilichukua pedi mkononi mwake nikabonyeza mwenyewe.

Silwimba alishinda kwa urefu wa lori moja na tela lake. Dereva wa Nakonde alipitiliza kona ya mwisho, na kwenye barabara iliyonyooka gari letu likaenda kama limeachiliwa kutoka kifungoni. Watu wakamnyanyua Silwimba, akawashinda kwa uzito, wakamweka chini na kumnyanyua Bwana Shamba. Huko juu, miwani imekaa upande, alisema ushindi huu ni wa wote, lakini hautakuwa na maana kama hatutausambaza. Ba Mulenga akampa mkono na kupiga picha ya pamoja ya kubandika mlangoni kwake, na majina yetu chini. Mimi na Silwimba tukaangaliana.

“Tumwambie?” nikanong'ona.

“Leo? Mwache mzee afurahi.”

Kesho yake hatukumwambia, na wiki iliyofuata Silwimba alivuka kwenda Lubumbashi. Bwana Shamba, kwa upande wake, alikuwa ameshakwenda stesheneri. Alirudi na mzigo wa karatasi zilizochapwa na kuwekewa laminesheni: “Mwongozo wa Setingi ya Kitonga. Toleo la Kwanza.” Alizipeleka kwenye vyumba vya gemu vya Tunduma yote, akapanda basi akazipeleka Vwawa na Mlowo. Na huko kote watu wakaanza kushindwa.

Siku moja akaja fundi redio kutoka Mlowo, mtu mzima, amekuja kwa nauli yake na karatasi ile mkononi. “Mzee, shikamoo. Nimefuata namba zote hizi, gari haliendi.”

“Marahaba. Umefuata zote? Hata mstari wa kumi na mbili?”

“Zote.”

“Basi utakuwa umezifuata vibaya,” Bwana Shamba akamwambia kwa upole. “Tatizo la walengwa wetu ni hilo. Mwongozo wanao, hawauzingatii.”

Ile sauti niliijua. Ilikuwa imewahi kusimama kwenye ua wetu Hasamba na kusema maneno ya namna ile kwa upole uleule. Nilimsubiri yule fundi aondoke, nikafunga mlango.

“Bwana Shamba, zile setingi hazikushinda. Tulizitoa. Silwimba alikimbia na za kiwandani.”

Alinitazama kama nimemwambia kwa Kichina. “Nani alizitoa?”

“Mimi.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu gari lilikuwa haliendi. Na kwa sababu mimi ni binti wa mzee Mwazembe wa Hasamba.”

Alikaa chini. Alikaa kwenye kiti kibovu ambacho kila mteja alijua asikikalie, na kwa mara ya kwanza hakikuangusha mtu.

“Mwazembe wa bondeni. Mwenye mbwa mweupe.”

“Mbwa alishakufa.”

“Na wewe ndiye uliyekuwa mlangoni na sufuria.”

Miaka yote sikuwa nikijua kwamba siku ile aliniona.

Hakubishana. Alisubiri Silwimba arudi kutoka Kongo, akamkalisha kwenye kiti, akamwomba aendeshe Kitonga mara kumi kwa setingi zake na mara kumi kwa za kiwandani. Yeye mwenyewe aliandika muda wa kila mzunguko. Walipolinganisha jozi baada ya jozi, za kiwandani zilishinda mara tisa. Ya kumi Silwimba alikuwa amepokea simu ya bosi wake. Bwana Shamba akapiga mstari chini ya hesabu, na kwenye maoni ya mtaalamu akaacha wazi.

Kisha akaanza kuzikusanya karatasi zake. Alizunguka Tunduma kwa baiskeli, akaenda Vwawa, akaenda Mlowo mpaka dukani kwa yule fundi redio, akamwambia mbele ya wateja kwamba alizifuata vizuri. Akavuka mpaka kwenda kwa Ba Mulenga kumweleza ukweli na kumwomba afute jina lake kwenye ile picha ya mlangoni. Ba Mulenga hakuelewa tatizo liko wapi. “Awe, mukwai,” alimkatalia, “mlishinda tu.” Bwana Shamba akaomba kalamu ya wino mzito, akalifuta mwenyewe.

Alinirudishia rundo lote, akaliweka juu ya meza yangu. Tulikuwa wawili tu, feni inalia.

“Kile kipeperushi cha mibuni sikukijaribu popote,” alisema. “Kilifika Jumatatu. Ijumaa nilitakiwa nipeleke idadi ya mashamba yaliyokatwa. Baba yako aliniomba mstari mmoja. Aliomba jambo sahihi.”

“Kwa nini hukumkubalia?”

Alilisawazisha lile rundo juu ya meza.

“Kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya kuandika mstari mmoja.”

Nikacheka. Sikutaka, lakini nikacheka, na yeye hakucheka. Alichukua daftari lake akaondoka, na hakuja tena kucheza. Nilisikia kwamba amehamia Ruanda, kijiji cha huko huko Mbozi, kwa ndugu wa mkewe. Wateja walimuulizia kwa muda. Silwimba alijaribu kuufungua ukurasa wa setingi peke yake, akahangaika, akaniambia haunogi bila mtu wa kumzuia.

Msimu uliopita nilikwenda Hasamba kumsaidia baba kuchuma. Mibuni iliyopo sasa aliipanda upya kwa mkono wake, michache, na anaijua mmoja mmoja. Siku ya pili, jua limepanda, tulikuwa uani kwenye kichanja tukichambua kahawa iliyoanikwa, nikamwona mtu akija kutoka barabarani kwa miguu, na fimbo. Alikuwa amepungua sana. Alikuwa amevaa koti la suti.

“Shikamoo, mzee Mwazembe.”

Baba aliendelea kuchambua. Alitoa punje iliyopasuka, akaitupa, akatoa nyingine. Bwana Shamba hakusubiri jibu. Alinisalimia kwa kichwa, akaegemeza fimbo kwenye kichanja, akatoa bahasha ya kaki, na ndani yake karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Akavaa miwani, akasimama wima kama yuko mbele ya mkurugenzi.

“Taarifa ya Kosa la Kukatisha Mibuni,” akasoma. “Ukurasa wa kwanza. Utangulizi.”

Nilitaka ardhi inimeze. Utangulizi ulikuwa mrefu. Ulikuwa na umuhimu wa zao la kahawa, ulikuwa na malengo, ulikuwa na changamoto. Baba alichambua. Kuku walipita. Kwenye ukurasa wa pili sauti ya Bwana Shamba ikapungua, na sentensi zikawa fupi. Alisoma kwamba mkulima aliomba kujaribu kwanza na alikataliwa. Kwamba aliyemkatalia hakuwa amejaribu. Kwamba mkulima hakuwa na kosa, hakufuata vibaya, alifuata kama alivyoambiwa. Kwamba binti wa mkulima aliacha shule. Kwamba ilikatwa mibuni mia mbili.

Mkono wa baba ukasimama.

“Mia mbili na kumi na nne,” alisema.

Bwana Shamba akatazama karatasi. Akatoa kalamu, akaiweka karatasi juu ya goti lake, akaikata ile namba kwa mstari mmoja safi, akaandika nyingine juu yake, akatia sahihi pembeni kama inavyotakiwa. Ilimchukua muda. Hatukumsaidia. Kisha akamkabidhi baba karatasi zote kwa mikono miwili.

Baba akazipokea. Hawezi kusoma bila miwani, na miwani ilikuwa ndani. Akazitazama hivyo hivyo, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa shati.

“Marahaba,” akasema. Halafu akanigeukia. “Mpe mgeni kiti.”

Walikunywa chai bila kuzungumza kitu cha maana, mvua, bei za mifuko, mtoto wa nani kaoa wapi. Bwana Shamba aliulizia choo, akaonyeshwa, akarudi, akaaga. Baba akamsindikiza mpaka kwenye njia, akasimama pale mpaka koti likapotea kwenye migomba.

Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akachomoa zile karatasi mfukoni, akaninyooshea.

“Nisomee tena. Huo utangulizi ruka.”